Namna ya Kuwaandaa Walimu Kumpokea Mwanafunzi Mwenye Mahitaji Maalumu Changamani

Kila shule zinapofunguliwa mwezi Januari, maswali ni yale yale. Mwalimu mkuu ameandikisha mtoto mwenye mtindio wa ubongo ambaye hasemi, hawezi kukaa bila kuegemezwa na huanguka kifafa, na walimu wake wanataka kujua: mtoto asiyesema anafundishwaje? Akianguka darasani tufanye nini? Nani atambadilisha nguo? Kwani hakuna shule yake? Mwongozo huu ni kwa ajili yako wewe uliyepewa jukumu la kuwajibu walimu hao, uwe mwalimu mkuu, mwalimu wa taaluma, mwalimu wa kitengo cha elimu maalumu au Afisa Elimu Kata. Nimeuandika nikizifikiria shule za mkoa wa Dodoma, kuanzia zile za Jiji hadi za Chamwino, Bahi, Kongwa na Chemba.

Swali la shule yake acha nilijibu mapema ili tusilirudie. Shule ya Buigiri, wilayani Chamwino, inapokea wasioona, na zipo shule nyingine kwa ajili ya viziwi. Lakini mtoto ambaye haoni, hatembei na pia ana ulemavu wa akili mara nyingi hupelekwa huku akarudishwa kule, mwishoni akabaki nyumbani na bibi yake. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa mtoto huyo haki ya kusoma, na Mkakati wa Taifa wa Elimu Jumuishi wa mwaka 2021/22 hadi 2025/26 unailenga shule ya kawaida iliyo karibu naye. Chuo cha Patandi kule Arusha na Chuo Kikuu cha Dodoma vinaandaa walimu wa elimu maalumu, na ukimpata mhitimu wao umepata msaada mkubwa. Hata hivyo, mwalimu huyo mmoja hawezi kuwa darasani, jikoni na chooni kwa wakati mmoja, kwa hiyo shule nzima inapaswa kuandaliwa.

Kwa mahitaji changamani ninamaanisha hali ambayo mtoto ana ulemavu zaidi ya mmoja, au ana ulemavu pamoja na tatizo la kiafya, na kila kimoja kinaongeza ugumu wa kingine. Nadharia inayohitajika ni hiyo tu. Sishauri uanze kwa semina ya siku mbili ukumbini, inayopitia aina zote za ulemavu kwenye slaidi, kwa sababu mwalimu hutoka humo na majina mengi ya magonjwa huku mikono yake ikiwa haijui kumwinua mtoto kutoka kwenye mkeka. Anza na mtoto mmoja ambaye walimu wote wanamjua kwa jina. Watakachojifunza kwake kitawafaa wengine watakaofuata.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Pata ridhaa ya mzazi au mlezi kwa maandishi, na umwombe yeye mwenyewe awe mwezeshaji katika kipindi cha kwanza. Mtengee nauli na chakula, kwa maana anaacha shamba au biashara yake ili aje kuwafundisha walimu wako.

Kusanya karatasi za mtoto: kadi ya kliniki, majibu ya hospitali, orodha ya dawa anazotumia, na taarifa ya kituo cha upimaji kama amewahi kupimwa. Kama hajapimwa macho na masikio, mpeleke kwanza. Watoto wengi huitwa wagumu wa kuelewa kumbe hawasikii vizuri.

Tenga saa moja na nusu kila wiki kwa muhula mmoja. Ratiba ya MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, inatosha kabisa kubeba kazi hii, na hakuna haja ya kusubiri bajeti mpya. Waite walimu wote, pamoja na mpishi, mlinzi na matroni kama yupo.

Vifaa ni hivi: mkeka, mito miwili migumu, khanga mbili kuukuu, kijiko cha plastiki kisichovunjika kirahisi, kikombe cha plastiki, saa yenye mshale wa sekunde, sabuni, ndoo yenye mfuniko, glavu, kadi za manila, na daftari gumu lenye jina la mtoto. Waombe hospitali ya wilaya wawapatie mtaalamu wa fiziotherapia kwa asubuhi moja, na siku hiyo iwe ya hatua ya tatu.

Hatua za kufuata

1. Sikiliza hofu za walimu kabla hujafundisha lolote. Wape vipande vya karatasi waandike, bila majina, jambo linalowatisha zaidi. Utasoma kwamba wanaogopa mtoto kufia mikononi mwao, wanaogopa kushutumiwa wakimgusa, au wanaamini kwamba povu la mwenye kifafa linaambukiza. Lijibu kila moja kwa heshima, na hilo la mwisho ulijibu siku hiyo hiyo: kifafa hakiambukizi, si kwa povu, si kwa mate, si kwa kumshika mgonjwa. Mwalimu anayekemewa kwa sababu ya hofu yake huificha, kisha humkwepa mtoto.

2. Mwache mlezi afundishe. Mama, bibi au shangazi aliyemlea mtoto huyu anajua mambo ambayo hayamo katika kitabu chochote. Mpe kiti cha mbele, mwite kwa heshima anayostahili, na walimu wawe na daftari. Mwulize: Mtoto akifurahi anafanyaje? Akiumwa unajuaje? Anakula nini, kwa mkao gani, kwa muda gani? Anapenda sauti gani na anaogopa ipi? Analala saa ngapi? Kifafa humjia vipi, na kabla hakijaja kuna dalili gani? Kisha mwombe amwinue, amketishe na amlishe mbele yenu, huku akieleza anachofanya.

Uliza pia lugha ya nyumbani. Mtoto wa Mvumi au Bahi aliyelelewa na bibi yake huenda amesikia Kigogo peke yake maisha yake yote. Kule Kondoa huenda ni Kirangi, na Chemba huenda ni Kisandawe. Mtoto asiyegeuka anaposalimiwa kwa Kiswahili anaweza kugeuka mara moja akiambiwa *mbukwa*. Andikeni maneno kumi au kumi na mawili ya nyumbani, ya maji, chakula, uchungu, njoo, basi na mengineyo kama hayo, na kila mwalimu ayajue. Kwa mtoto wa namna hii hatua hii haiwezi kurukwa, maana ukimpimia akili kwa lugha asiyoijua utaandika taarifa ya uongo.

*Tahadhari:* usimgeuze mlezi kuwa msaidizi wa kudumu wa darasa bila malipo. Yupo kuwafundisha, kisha aende zake.

3. Fundisheni mikono: kuinua na kuketisha. Walimu waanze kwa kufanyiana wao kwa wao. Mmoja alale kwenye mkeka, wawili wamwinue: wanakunja magoti, mgongo unabaki wima, mtu anayeinuliwa anawekwa karibu na kifua, na mmoja anahesabu ili wainue kwa pamoja. Kabla ya kumgusa, wamwambie kinachofuata, hata kama wanaamini kwamba haelewi. Walimu wakionja wenyewe jinsi inavyoshtua kuinuliwa bila kuambiwa, hawatahitaji kukumbushwa tena.

Mkao mzuri una alama chache za kukagua: makalio yamefika nyuma ya kiti, mapaja na kiwiliwili vimefanya pembe ya mraba, nyayo zimekanyaga kitu, kichwa kiko katikati na mikono iko mbele anapoweza kuiona. Fundi seremala wa mtaani anaweza kutengeneza kiti cha kona, yaani chenye egemeo la pande mbili zilizokutana kama kona ya ukuta, kwa mbao chache, na nafasi za pembeni zikajazwa kwa khanga zilizokunjwa. Mtoto abadilishwe mkao angalau kila baada ya saa mbili, na ngozi ya makalio na visigino ikaguliwe kila siku; wekundu usiotoka ni mwanzo wa kidonda.

Shule nyingi za kwetu zina uwanja wa kichanga, na kiti mwendo chenye magurudumu madogo ya mbele hukwama humo. Kama mnaomba kiti kwa wafadhili au halmashauri, ombeni chenye gurudumu kubwa la mbele kinachofaa njia mbovu, kilichopimwa kwa mwili wa mtoto huyo. Kiti kikubwa kuliko mtoto kinamharibu mgongo, hata kama kimeletwa kwa sherehe.

*Tahadhari:* mtoto mwenye mgongo wazi, yaani aliyezaliwa na uti wa mgongo usiofunga vizuri, mara nyingi hahisi miguu yake. Chuma cha kiti kilichokaa kwenye jua la Dodoma mchana kinaweza kumuunguza naye asilie. Wengi wao pia hudhurika kwa mpira asilia, kwa hiyo tafuteni glavu zisizo za mpira huo.

4. Fundisheni kulisha. Hapa ndipo makosa yanapoweza kuua, na ndipo ninapoomba haraka yote iachwe. Mwambie kila mwalimu ainue kidevu juu kabisa, kisha ajaribu kumeza mate. Ataona jinsi koo linavyogoma. Huo ndio mkao ambao watoto wengi hulishwa, wakiwa wamelazwa mapajani na kichwa kimeanguka nyuma.

Mtoto alishwe akiwa ameketi, kidevu kimeinama kidogo, anayemlisha akiwa mbele yake na macho yakiwa usawa mmoja. Tumia kijiko cha plastiki, kwa kuwa mtoto anayeuma meno kwa nguvu anaweza kujiumiza kwa chuma. Weka kiasi kidogo katikati ya ulimi, usubiri ameze, uone mdomo umebaki mtupu, ndipo uongeze. Majimaji mepesi kama chai na maji humpalia mwenye shida ya kumeza kuliko uji mzito, kwa hiyo uji wa uwele au wa mtama uliopikwa ukashikana ni salama zaidi, lakini usiwe na mabonge. Ugali na mlenda ni chakula cha watoto wetu, na si lazima mtoto huyu anyimwe. Ugali upondwe ndani ya mlenda hadi uwe laini wa namna moja, kwani mchanganyiko wa tonge gumu na ute unaoteleza ndio unaomchanganya kooni. Akimaliza, abaki ameketi kwa takriban nusu saa.

Akikohoa mara kwa mara anapokula, sauti ikawa ya majimaji, macho yakatoka machozi au akapata homa ya mapafu mara kwa mara, acheni kubahatisha na mumpeleke hospitali apimwe uwezo wa kumeza. Mpishi awepo katika kipindi hiki, kwa maana yeye ndiye ataamua uji utakuwa mzito kiasi gani.

5. Fanyeni zoezi la kifafa. Mwalimu mmoja aigize, wengine watende. Angalia saa. Ondoa viti na mawe karibu yake. Weka kitu laini chini ya kichwa, legeza nguo ya shingoni. Usimbane asitikisike, na usimtie kitu chochote mdomoni, iwe kijiko, kitambaa, maji au dawa. Mtikisiko ukiisha, mlaze kwa ubavu na ukae naye mpaka fahamu zirudi. Ukipita dakika 5, au ukirudia kabla hajazinduka, au akiwa ameumia, apelekwe kituo cha afya mara moja. Kwa hiyo namba ya dereva wa gari au bodaboda anayeaminika ibandikwe ukutani kabla ya siku hiyo. Wanafunzi wenzake nao wafundishwe, kwa sababu mara nyingi wao ndio wanaokuwa karibu.

6. Tengenezeni njia ya mawasiliano. Kila mtoto anawasiliana, hata asiyetamka neno. Kazi ya mwalimu ni kuigundua njia yake na kuipanua. Kwa wiki nzima, walimu waandike katika daftari: alifanya nini, kilichotangulia ni nini, sisi tulidhani anataka nini. Baada ya wiki mtaanza kuona kwamba akigeuza kichwa kushoto amechoka, na akinyoosha mkono wa kulia anataka kuendelea.

Kisha chagueni ishara ya ndiyo na ya hapana ambayo mwili wake unaiweza, kwa mfano kutazama juu na kufumba macho, na kila mtu mzima shuleni aitumie hiyo hiyo. Anzeni na vitu halisi kabla ya picha: kikombe maana yake uji, kipande cha khanga maana yake kwenda kubadilishwa, kengele ndogo maana yake mapumziko. Mwonyeshe kitu muda mfupi tu kabla ya tendo, kila siku, bila kuruka. Kwa mtoto asiyeona na asiyesikia, kitu hicho kiwekwe mkononi mwake, na kila mtu anayemkaribia amguse kwanza begani na kumpa alama yake mwenyewe, kama vile bangili au saa, ili ajue aliyekuja ni nani.

Kosa kubwa la walimu wazuri ni haraka. Wanauliza, wanasubiri kidogo tu, kisha wanajijibu wenyewe. Waambie wahesabu moja hadi kumi kimoyomoyo baada ya kila swali. Ubongo wa mtoto huyu unaweza kuhitaji muda wote huo kusikia, kuamua na kuusogeza mkono.

7. Andikeni mpango binafsi wenye malengo matatu tu. Mpango wenye malengo ishirini hubaki kabatini. Kila lengo liseme mtoto atafanya nini, katika hali gani na mara ngapi. "Atafahamu hesabu" si lengo. "Akionyeshwa kikombe na mpira, atakitazama anachokitaka ndani ya sekunde 10, mara 3 kati ya 5" ni lengo, kwa sababu mwalimu yeyote anaweza kuingia darasani akalipima. Mlezi achague angalau lengo moja. Mara nyingi atachagua jambo ambalo nyinyi hamkulifikiria, kama mtoto kukubali kunyolewa au kukaa na watu msibani.

Malengo hayo yaingizwe kwenye andalio la somo la darasa zima. Wenzake wakihesabu vibuyu, yeye ashike kimoja na kumpa jirani yake. Yumo katika somo moja na wao, kwa lengo lake.

8. Pangeni usafi wa mwili na ulinzi. Chagueni mahali penye pazia na sakafu inayooshwa. Mtoto wa kike ahudumiwe na mwanamke. Muda wa kubadilishwa uandikwe na anayehudumu aweke saini, huku mtu mzima mwingine akiwa anajua kinachoendelea. Mtoto asiyeweza kusema alichotendewa ni windo rahisi kwa mwovu, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inatudai sote tumlinde. Akibadilika ghafla, akamwogopa mtu fulani au akawa na michubuko isiyoelezeka, mwiteni ofisa ustawi wa jamii. Namba 116 ya huduma ya simu kwa mtoto nayo ibandikwe ofisini.

9. Walimu waangaliane. Kwa wiki tatu za mwisho za muhula, mmoja afundishe, mwingine aangalie akiwa na swali moja tu la kujibu: mtoto alipata nafasi ngapi za kujibu? Wazungumze siku hiyo hiyo, kwa dakika chache.

Mambo yakikwama

*Darasa lina wanafunzi wengi na mwalimu anasema hana muda.* Anasema kweli. Usimwombe muda wa ziada. Mwombe dakika tano zilizopo tayari, yaani wakati wa mahudhurio, wa uji na wa kuaga. Mtoto akipata nafasi moja ya kuchagua katika kila tukio hilo, amepata tatu kwa siku. Wanafunzi wawili wa zamu wanaweza kukaa naye, ila wasimlishe wala kumwinua.

*Mtoto analia tangu anapofika.* Kagueni mwili kwanza: njaa, nguo iliyolowa, choo kigumu, jino, sikio, mkao. Kisha kagueni mazingira: bati linalopiga kelele kwa upepo wa Agosti, jua usoni, au mtu mpya. Kwa mtoto mwenye usonji, kona moja tulivu yenye mkeka huweza kumaliza tatizo ambalo walimu waliliita utundu.

*Mlezi ameacha kumleta.* Nendeni nyumbani kabla ya kuandika utoro. Huenda mtoto amekuwa mzito mno kubebwa mgongoni, na msimu wa kulima umefika. Hilo hutatuliwa kwa kikao cha kijiji na mtu mwenye baiskeli au toroli, si kwa barua ya onyo.

*Mwalimu aliyeandaliwa amehamishwa.* Hili litatokea. Ndiyo maana daftari la mtoto ni la shule na haliondoki na mtu, na ndiyo maana kila jukumu lina watu wawili. Anayehama atumie siku tatu za mwisho akifanya kazi bega kwa bega na anayebaki.

*Muhula umekwisha na hakuna lengo lililofikiwa.* Ligaweni lengo kabla ya kumlaumu mtoto. Kama hakukitazama kikombe, je, alinyamaza alipokisikia? Hicho ndicho kiwango chake cha sasa, na muhula ujao uanzie hapo.

*Mtoto amepoteza alichokuwa anakiweza.* Msilichukulie kama uvivu. Ulizeni kama dawa za kifafa zimekwisha nyumbani, kwa sababu kuziacha ghafla huleta mitikisiko mikali na mfululizo. Kama ni mtoto mwenye kichwa kikubwa aliyewekewa mrija wa kupunguza maji kichwani, naye anatapika, analala kupita kawaida, anashika kichwa au macho yanatazama chini muda wote, huenda mrija umeziba. Msisubiri mzazi atoke shambani: mpigieni simu mkiwa tayari njiani kwenda hospitali, na mbebe daftari lake, ili daktari aone ni siku gani mabadiliko yalianza.